Mdogo Wangu na Gia ya Nne

Mdogo wangu hajawahi kupita lori. Cheka ukitaka, lakini ni kweli tupu. Kazi yake ni kuyaongezea nguvu magari ya mbio, yale ya milango miwili yanayonguruma mpaka vioo vya jirani vinatetemeka, na wenye magari hutoka kwetu wakitabasamu peke yao kama watu waliookota kitu. Halafu mwenyewe akishika usukani, anatambaa. Baiskeli zinampita. Siku moja mkokoteni wa matofali ulimpita, na mwenye mkokoteni akampungia mkono. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Kobe, na mimi dada yake namwita hivyo hivyo. Siku hizi ninayo majina mengine ya kumwita, lakini hayo siyasemi mbele za watu.

Gereji ni yetu sisi wawili. Upande wa getini ni wangu. Mimi ni fundi wa bodi na rangi: nanyoosha mabati, napaka puti, napiga msasa, napulizia. Nikirudi nyumbani hata uji wangu unanuka thina ya kuchanganyia rangi. Upande wa ndani ni chumba chake, chenye meza, feni inayolia, nyaya zilizoviringishwa kwenye misumari, na laptopu iliyovunjika kona moja akaifunga kwa utepe wa gundi. Humo ndimo anamofanyia maajabu yake.

Maajabu yenyewe si uchawi, nimeyaona mpaka nimeyachoka. Gari la siku hizi lina kompyuta ya injini, kisanduku cha bati unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja. Hicho ndicho kinachoamua mafuta kiasi gani yaingie, cheche ipige wakati gani, na turbo isukume hewa kwa nguvu gani. Kiwandani huwa wanaacha nguvu nyingine imefungiwa humo ndani. Kobe anachomeka waya chini ya usukani, anasoma faili la kiwandani, analihifadhi vizuri, halafu anakaa na namba zake kama mama anayechambua mchele. Akimaliza analirudisha faili jipya kwenye gari, na gari lile lile lililoingia linalegea linatoka linaruka. Wateja wanaita kufungua gari. "Kobe, nifungulie." Kisha inabidi wakalijaribu barabarani, mteja anaendesha, Kobe amekaa pembeni na laptopu mapajani anasoma namba. Wateja wananiambia anasoma huku amekamata mlango kwa mkono mwingine, na midomo inamcheza.

Ni fundi, sibishi. Ubaya wake ni mwingine. Huyu mtu hawezi kusema hapana. Tangu utotoni. Mtu akimwomba godoro, anampa, yeye analala kwenye maboksi. Mchuuzi akipita na miavuli wakati wa kiangazi, Kobe ananunua, kisha anakuja kuniuliza kama nahitaji mwavuli. Mwaka mmoja nusura aoe mwanamke asiyemtaka kwa sababu shangazi yake yule mwanamke alimwomba vizuri! Mimi ndiye niliyekwenda kuvunja, nikakaa kwenye viti vya watu, nikatukanwa kwa niaba yake, na niliporudi nikamkuta anakula. Akaniuliza, "Walikasirika sana?" Watu husema ana moyo mzuri. Nilikuwa nasema hivyo hata mimi.

Sasa kuna Kinyozi. Ni kijana wa mtaa wa pili, ana saluni yake ya wanaume, mikono myepesi, maneno mengi, mteja akitoka pale kichwa kimenyooka na mbavu zinauma kwa kucheka. Alijibana miaka, hanywi, hatembei, mpaka akanunua gari la michezo, jekundu, la mkononi mwa mtu lakini zima kabisa. Rangi yake niliipiga mimi. Kobe akalifungua. Siku ile Kinyozi alirudi kutoka kulijaribu, akashuka, akanikumbatia na ovaroli yangu chafu. "Dada! Gia ya nne inanibandika kwenye kiti!" Alikuwa akija kutupa habari za gari lile kama mtu anayesimulia mtoto wake anavyoanza kutembea.

Alikuwa na mchumba, binti mmoja anayetengeneza simu kwenye kibanda karibu na benki, mcheshi kuliko yeye. Walishapanga kila kitu. Na alikuwa na mama yake, mjane anayeuza vitambaa, mwenye mtoto mmoja tu, huyo huyo.

Siku waliyopata ajali walikuwa wanakwenda kumsalimia baba wa binti. Barabara kuu, mlima mrefu, mbele yao lori la saruji linapumua moshi. Kinyozi akaangalia, barabara nyeupe, akatoka kulipita. Alikuwa gia ya nne. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Basi likatokea juu ya mlima, lakini kwa gari lile analolijua yeye, nafasi ilikuwepo tele. Ila gari halikwenda. Nyuma yake mtu alishasogea kuziba pengo, kurudi hakuna. Akakata kuelekea upande wa pili, wakaingia mtaroni, wakapiga nguzo. Nguzo iliingia upande wa binti. Kinyozi alivunjika mkono. Binti alivunjika paja na nyonga, na madaktari wanapoulizwa kama atatembea kama zamani wanajibu kwa kuangalia karatasi.

Gari lililetwa kwetu kwa kuvutwa. Walitaka nitazame kama bodi inanyosheka. Nililizunguka, nikalia kidogo, siyo siri. Nikaenda dukani kufuata dawa ya kutu ya kutolea boliti zilizokwama, nikarudi mapema kwa kuwa duka lilifungwa. Nikamkuta Kobe ameinama kwenye mlango wa dereva. Amevuta umeme kutoka betri ya gari jingine, waya umechomekwa chini ya usukani, laptopu iko juu ya goti.

"Unasoma nini kwenye gari lililokufa?"

Akaifunga laptopu. Pa! Kobe hafungi laptopu. Anaiacha wazi mpaka inazimika yenyewe, nimemgombeza kwa hilo mara nyingi. Nikajua hapa kuna jambo.

"Kobe."

"Dada, narudisha faili la kiwandani tu."

"Kwa nini?"

Akaanza kukunja waya. Nikamshika kola. Mimi nabeba milango ya magari peke yangu, na yeye analijua hilo. Nikamwambia asipofungua mdomo nitaufungua mimi kwa bisibisi. Ndipo akasema.

Mama yake Kinyozi alikuja siku moja nikiwa nimekwenda kununua rangi. Gari lilikuwa kwetu, limeachwa kubadilishwa oili. Alikaa kwenye kile kiti cha Kobe, akalia. Akasema hapati usingizi. Akasema, "Mpunguzie kidogo tu, mwanangu. Asijue." Na mdogo wangu, mwenye moyo mzuri, akampunguzia.

"Niligusa gia ya nne na ya tano tu," akaniambia, tena kwa sauti ya mtu anayetaka asifiwe. "Turbo isisukume sana huko. Mjini mtu hafiki gia ya nne kwa foleni hizi. Nikaona hatajua."

"Na barabara kuu?"

"Barabara kuu angekuwa anakwenda polepole. Ndicho alichotaka mama yake."

"Na akitaka kupita lori, Kobe?"

Akanikodolea macho. Naapa, aliniangalia kama nimemuuliza habari za mwezini. Kisha uso ukaanza kumshuka taratibu.

"Kupita," akasema. "Sikufikiria kupita."

Mungu wangu! Mtu anayejua cheche ya injini inapiga wapi, anayeweza kukuambia kwa kusikiliza tu kwamba nozeli moja imechoka, hakufikiria kwamba watu wengine huwa wanapita malori. Kwa sababu yeye hapiti. Yeye hukaa nyuma ya lori akila moshi mpaka lori lifike kwao. Akapanga gari la mtu kwa woga wake mwenyewe, na akamfunga mwenye gari macho. Ukimwondolea mtu ngazi moja nyumbani kwake, si umwambie? Si atashuka kama anavyoshuka siku zote? Nilimpa vidonge vyake siku ile mpaka fundi wa matairi wa jirani akaja kuchungulia, nikamfukuza na yeye.

"Umemwambia Kinyozi?"

"Mama yake ameniomba nisiseme."

"Na ukakubali."

Ningemuuliza tu kuna mtu gani duniani hajamkubalia.

Nikaenda kwa yule mama dukani, na ovaroli yangu, na puti mikononi. Nilimkuta anampimia mteja kitambaa. Nikasubiri mteja atoke, maana sikutaka kumwaibisha, nikafunga mlango.

"Shikamoo, mama. Nimeshajua."

Hakujifanya haelewi, hilo namsifu. Alikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mume wangu alitoka asubuhi na gari," akasema. "Wakaniletea viatu. Wewe umewahi kuletewa viatu?"

"Pole, mama. Lakini mwanao anasema ni kosa lake."

"Yuko hai."

"Amefunga saluni. Amemwambia baba wa binti kwamba ni uzembe wake. Amemwambia binti atafute mwanaume mwingine. Yote haya unayajua?"

"Yuko hai!" Akaupiga mkasi juu ya meza. "Akijua ni mimi atahama nyumbani. Hatasema na mimi tena. Nitakuwa nimempoteza huku namwona anapita barabarani. Hilo huwezi kulielewa, wewe huna mtoto."

Hapo alinigusa pabaya, na alikusudia. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa wake, na siyajutii yote. Akaniambia toka. Nikatoka.

Wiki ile sikuzungumza na Kobe. Tulikuwa tunafanya kazi kila mtu upande wake, nikihitaji spana namtuma mteja akaichukue. Yeye ananiletea chai, anaiweka juu ya pipa, anaondoka. Namwaga. Nilikuwa namngoja. Nilijiambia atajikaza, atakwenda mwenyewe, ni mtu mzima, ana ndevu. Wapi! Badala yake akaja mtu kutoka kwa Kinyozi kuuliza kama tunaweza kuliuza gari lile kama vyuma, kwa sababu mwenyewe hataki kuliona tena wala hatashika usukani maisha yake yote. Na kwamba binti kule hospitali hali chakula, kwa sababu mchumba wake hapokei simu zake.

Niliweka chini bunduki ya rangi. Nilikuwa katikati ya mlango wa watu, rangi ikaniharibikia, potelea mbali. Nikaingia kwenye kile chumba, nikachomoa feni.

"Simama."

"Tunakwenda wapi?"

"Unajua tunakwenda wapi."

Alisimama. Njia nzima alikuwa nyuma yangu hatua kadhaa, na mimi sikugeuka, nilikuwa nasikiliza kandambili zake tu.

Mama ndiye aliyefungua mlango. Alipotuona wawili alitaka kuufunga, nikaweka bega. Sebule ilikuwa imefungwa mapazia mchana. Kinyozi alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa shingoni, hajanyoa, yeye anayenyoa mtaa mzima. Mguu wa kulia ulikuwa chini sakafuni. Anaukanyaga. Anauinua kisigino kidogo, anaukanyaga. Mkeka pale chini ulishaanza kuchanika.

"Karibuni," akasema bila kutuangalia. Kisha, kama tulikuwa katikati ya mazungumzo, "Nilikuwa namwambia mama hapa. Nilipotoka kwa lori nilikanyaga hivi. Au nilidhani nimekanyaga. Dada, wewe umekaa na magari miaka. Mtu anaweza kudhani amekanyaga kumbe mguu umeganda?"

"Anafanya hivyo kutwa," mama akasema haraka. "Daktari amesema ni mshtuko, utaondoka."

"Si mshtuko, mama, najaribu kukumbuka." Akakanyaga. "Yule mtoto wa watu aliniamini. Alikuwa anacheka. Mimi nikachelewa kukanyaga. Kobe, kaa. Wewe ndiye unayelijua gari lile kuliko mimi. Gia ya nne linavuta, si ndiyo?"

Nilimwangalia mdogo wangu. Nilimwangalia kwa macho yangu yote. Sikuwahi kuombea kitu kama nilivyoomba pale afungue mdomo. Jasho lilikuwa linamtoka. Akamwangalia yule mama. Mama akatikisa kichwa, kidogo sana.

"Linavuta," akasema Kobe.

"Ndiyo," Kinyozi akasema. "Ndiyo. Basi ni mimi." Akakanyaga tena.

Nilitaka kumuua. Nasema kweli, kama ningekuwa na kitu mkononi leo ningekuwa nasimulia hadithi nyingine. Niligeuka nimkamate palepale mbele za watu, neno limeshafika kwenye ulimi, lakini nikasikia mtu anapiga magoti. Mama alikuwa chini. Mwanamke mzima, mwenye duka, amepiga magoti kwenye ule mkeka na ameukamata mguu wa mwanawe kwa mikono miwili, ameukandamiza usinyanyuke.

"Acha," akasema. "Acha, baba. Ulikanyaga."

"Mama, niachie."

"Ulikanyaga! Mguu wako haukukosea. Ni mimi. Nilikwenda kwa fundi nikamwomba akupunguzie gari, gia ya nne, usijue. Nilitaka uishi. Ni mimi, mwanangu."

Kinyozi alikuwa anauangalia ule mguu ulioshikwa kama si wake. Kisha akainua macho kwa Kobe.

"Kweli?"

Kobe akaitikia kwa kichwa.

"Na sasa hivi nimekuuliza. Umeniambia linavuta."

Kobe akaanza kulia. Nikamwambia anyamaze, si zamu yake.

"Mmekuwa mnaniangalia," Kinyozi akasema. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Mama, umekaa pale na vitambaa vyako siku zote hizi, unaniangalia nakanyaga sakafu. Umeniletea chai. Ukanitandikia mkeka."

"Niliogopa utanichukia."

"Tokeni."

"Mwanangu..."

"Tokeni nje. Na wewe, mama. Na wewe, dada."

Na mimi! Mimi niliyemleta mtu, mimi niliyegombana na dunia nzima! Mdomo ulinijaa maneno. Lakini niliukumbuka ule mkeka uliochanika, nikayameza. Nami nilikuwa nimejua wiki nzima.

Tukatoka. Tulisimama watatu kwenye kibaraza chenye jua kali, mwenye nyumba akiwa amefukuzwa nyumbani kwake, miguu mitupu. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Kobe alinyoosha mkono kunigusa bega, nikausukuma, na nikiwa nasimulia haya bado sijamsamehe. Tunafanya kazi, tunakula, lakini bado. Yule mama alikuwa amesogea karibu na dirisha.

Ndani tulisikia kitu kikianguka, labda simu, maana anatumia mkono mmoja. Kisha tukamsikia anaongea, sauti inapanda na kukatika, na mama akaziba mdomo kwa kiganja ili asikie vizuri.

"Ni mimi," alikuwa anasema. "Ndiyo, ni mimi, usikate. Nisikilize. Nilikanyaga. Sikuchelewa, unasikia? Siku ile nilikanyaga."